Picha za Kwenye Kopo

Kila siku ya shule, kengele ya mwisho ikilia, wenzake Chiriku walikimbilia uwanjani, naye alishika njia ya hospitali. Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Mama yake alifanya kazi kiwanda cha mikate na alirudi jioni, kwa hiyo walikubaliana kwamba binti apitie kwa mama yake mdogo, afanye kazi za shule kwenye benchi la korido, kisha warudi nyumbani pamoja. Jina lake halisi walilijua walimu tu. Hili la Chiriku alilipata tangu utotoni, kwa sababu siku alipoanza kusema ndiyo siku nyumba ile ilipoaga ukimya.

Mama Mdogo alivaa koti jeupe, lakini hakuwa daktari. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, akisomea tiba ya usemi. Chiriku alishachoka kuwaeleza wenzake maana yake, maana walidhani ni somo la kufundisha watu kuhutubia. Aliwaambia kwamba wapo watoto wanaochelewa kusema, wapo watu wazima wenye kigugumizi, na wapo waliopokonywa maneno na maradhi, na kwamba wote hao wanahitaji mtu aliyesomea namna ya kuwasaidia. Zamani Mama Mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Darasani kwake alikuwapo mtoto aliyeshindwa kutamka, wenzake wakimcheka na walimu wakimwita mjinga, naye mwalimu hakujua la kufanya. Jambo hilo lilimkera mpaka akaacha kazi na kurudi chuoni. Majirani walisema eti mtu mzima mzima anabeba mkoba kama mtoto. Yeye alijifunga kibwebwe akasoma.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho, na sehemu kubwa ya mwaka wa mwisho ni mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi hupewa mgonjwa wa kweli, humtibu chini ya macho ya mhadhiri, na mwisho hupimwa kwa kazi ile. Mgonjwa wa Mama Mdogo alikuwa mzee mmoja aliyejulikana sokoni kote kwa jina la Mnadi. Kabla ya kuugua alinadi nguo za mitumba, na sauti yake ilifika mpaka kituo cha mabasi. Walisema angeweza kukuuzia sweta jua la mchana likiwaka, nawe ukaondoka ukimshukuru. Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa mzito, na maneno yakamtoroka. Akili ilikuwa timamu kabisa. Alijua kila alichotaka kusema, ila neno lenyewe halikuja.

Mkewe, ambaye Chiriku alimwita Bibi, alimleta mapema kabla ya saa ya kipindi chake kisha akarudi kwenye kibanda chao, kwa hiyo Chiriku na Mnadi walikuwa wenzi wa benchi. Siku ya kwanza binti alimwamkia, "Shikamoo, babu," na mzee akajibu, "Marahaba, hujambo?" vizuri kabisa, bila kukwama. Chiriku akashangaa huyu anaumwa nini. Punde mzee akanyoosha mkono kuelekea bomba la maji lililokuwa ukutani, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Alihangaika mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Maji!" Chiriku akamsaidia. "Unataka maji, babu."

Mama Mdogo alilisikia hilo akiwa mlangoni. Baadaye alimweleza kwamba maneno ya salamu tumeyasema mara nyingi mno kiasi kwamba hutoka yenyewe, hata kichwa kikiwa kimeumia, lakini neno ambalo mtu anapaswa kulitafuta ni jambo jingine. Akamwonya pia. "Mgonjwa wangu akitafuta neno, mwache alitafute. Ukimpa, umemnyang'anya mazoezi." Chiriku aliahidi, na kwa kawaida yake akasahau kabla ya jua kuzama. Mdomo wake haukuwa na breki.

Sasa sikiliza jambo la picha, kwa maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama Mdogo alikuwa na mafungu mawili ya kadi zenye picha: kikombe, mkasi, kuku, ngazi, vitu vya kawaida. Fungu la kwanza lilikuwa la mazoezi, na alilitumia na Mnadi katika kila kipindi. Fungu la pili lilikuwa la kipimo tu. Mnadi alioneshwa siku ya kwanza, akashindwa karibu zote, kisha zikafichwa zisionekane tena mpaka siku ya mtihani. Nyumbani zilikaa ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, juu ya kabati, zimefungwa kwa mpira wa nywele. Alishasema waziwazi kwamba mtu asiziguse. Mgonjwa akiweza kutaja picha alizozizoea, huenda amezikariri tu. Akiweza kutaja zile ambazo hakufundishwa, basi tiba imefanya kazi.

Chiriku alilielewa hilo kama ambavyo watoto huelewa mambo mengi, yaani nusu. Nusu nyingine aliisikia jioni moja kupitia pazia la jikoni, Mama Mdogo akimweleza dada yake kwamba mhadhiri hacheki na mtu. Mnadi asipoonyesha maendeleo kwenye kipimo, atarudia mafunzo yote, mwaka mzima. Akasema hajui kama atapata nguvu za kuanza upya. Sauti yake ilitetemeka kidogo, na Chiriku, aliyekuwa amezoea kumwona mama yake mdogo akiwa imara, alimwonea huruma. Alimpenda sana. Palepale akapiga moyo konde kwamba mwaka huo Mama Mdogo hatarudia, liwe liwalo.

Siku iliyofuata, nyumba ikiwa tupu, alipanda kiti, akashusha kopo na kunakili zile picha moja moja kwa penseli kwenye vipande vya boksi. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Kuku wake alikuwa kuku hasa, na ngazi ungeweza kuipanda. Kisha akazirudisha kadi kama zilivyokuwa, na mpira wake wa nywele na vumbi lake.

Tangu hapo benchi la korido likageuka darasa. Mnadi akifika, Chiriku alichungulia kushoto na kulia, akatoa vipande vyake vya boksi na kuanza. "Kikombe, babu. Sema kikombe." Mzee mwanzoni alimtazama kwa mashaka. Chiriku akamnong'oneza kwamba hizi ndizo picha za mtihani, na kwamba Mama Mdogo akifeli ataanza upya. Mnadi alikaa akifikiri. Alimpenda yule mwanafunzi aliyekuwa akimsubiri bila kuangalia saa wala kumhurumia kama mtoto. Mwishowe akaweka kidole midomoni, akakonyeza jicho. Wakawa wawili.

Walichapa kazi kwelikweli, lazima tuwape sifa hiyo. Walirudia na kurudia mpaka mzee akiona tu mchoro, neno linaruka. Chiriku alirudi nyumbani akiimba. Alijiona yeye ndiye tabibu wa usemi mwenyewe, bado koti tu.

Siku ya kipimo Mhadhiri alifika. Alikuwa mama mrefu, miwani yake ikining'inia kwenye uzi shingoni, na maneno yake yalikuwa machache kama vile kila moja linalipiwa kodi. Alikaa kona ya chumba. Bibi naye alikuwa ameacha kibanda chake siku hiyo, akakaa na Chiriku kwenye benchi, na mlango uliachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto. Walisikia kila kitu.

Mama Mdogo alianza na picha za mazoezi. Mnadi alitafuta, akakwama, akapata baadhi na nyingine zikampita. Kisha zikaja picha za kwenye kopo. Kikombe. Mkasi. Kuku. Ngazi. Mzee alizitaja zote, haraka, bila kusita hata mara moja. Bibi alishika mdomo kwa furaha na machozi yakamtoka. Chiriku alimkumbatia. Kupitia uwazi wa mlango aliuona uso wa Mama Mdogo, na kilichomshangaza ni kwamba haukuwa uso wa mtu aliyeshinda. Mama Mdogo alikuwa amekunja uso, akiangalia kadi zile kama mtu aliyekuta mlango wake uko wazi na anakumbuka kuwa aliufunga.

Mhadhiri alitoka na Mnadi mpaka mlangoni, akampa Bibi pongezi. Akasema matokeo kama haya ni nadra, na kwamba kwa kuwa mzee amepona namna hii, hana haja ya kuendelea na vipindi. Wagonjwa wanaosubiri nafasi ni wengi, hivyo nafasi yake atapewa mwingine kuanzia wiki ijayo. Akarudi ndani kuzungumza na mwanafunzi wake.

Furaha ya Chiriku ikakatika katikati. Hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo.

Bibi, akiwa bado anajifuta machozi, alimshika mumewe mkono ili waondoke. Mnadi hakusogea. Mkongojo wake ulikuwa umebaki ndani, umeegemezwa ukutani, na bila mkongojo hakuweza kushuka ngazi za hospitali. Alielekeza kidevu mlangoni.

"Unataka nini, mume wangu? Niambie," Bibi akasema, akitabasamu. Alikuwa anangoja kwa hamu kuisikia sauti aliyoikosa mwaka mzima.

Mnadi akajikaza. "Ki... kikombe," akasema. Akatikisa kichwa kwa hasira. "Mkasi. Ki... kikombe. Kuku."

Tabasamu la Bibi lilififia taratibu. Alimtazama mumewe, akatazama mlango, akauliza kwa sauti ndogo kama ni kikombe anachotaka kweli. Mzee akafumba macho. Maneno waliyoyakariri benchini yalikuwa yamejaa mdomoni mwake, na lile moja alilolihitaji halikuwamo.

Chiriku aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Alijua angeweza kunyamaza, na hakuna mtu ambaye angejua. Mama Mdogo angefaulu. Mnadi angerudi nyumbani akaishi na kikombe na mkasi mpaka mwisho wa maisha yake. Basi akainuka, akamshika mzee mkono ule mzima, na wakaingia pamoja bila kubisha hodi.

Mhadhiri alivua miwani. Mama Mdogo akauliza kuna nini. Na Chiriku, mtoto ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, alisimama pale ulimi umeganda. Alifungua mdomo, akaufunga. Wote walisubiri. Kwa mara ya kwanza alielewa anachopitia mzee yule kila siku.

"Nilizichora picha za kwenye kopo," akasema mwishowe. "Nilimfundisha babu kwenye benchi. Zote. Hajapona. Amekariri."

Mnadi akagonga kifua chake kwa ngumi, akahangaika, akatoa neno kwa neno: "Na... mi... mimi."

Mama Mdogo aliketi. Hakumgombeza Chiriku, hakumtazama hata. Alimgeukia Mhadhiri na kusema kwamba matokeo yale yafutwe, kwamba picha zilikuwa chini ya ulinzi wake na zimetoka nyumbani kwake, kwa hiyo kosa ni lake, na kama ni kurudia mwaka, atarudia. Aliyasema hayo bila kutetemeka. Chiriku akaanza kulia.

Mhadhiri hakumbembeleza. Alimuuliza kama anajua kipimajoto, kile cha kumpimia mtu homa. Chiriku akaitika.

"Mtoto ana homa kali," Mhadhiri akasema, "nawe unakichovya kipimajoto kwenye maji baridi. Namba itashuka. Homa je?"

"Itabaki, mwalimu."

"Na mama yake ataacha kumpa dawa, kwa sababu namba imesema amepona. Hicho ndicho ulichomfanyia huyu mzee. Leo nilikuwa namfungia dawa yake."

Kisha akatoa uamuzi wake. Kipimo kile kimekufa. Wiki ijayo atakuja na picha nyingine kutoka ofisini kwake, ambazo hata Mama Mdogo hatazijua mpaka wakati wenyewe. Nafasi ya Mnadi itabaki mpaka hapo. Kuhusu kufaulu au kurudia, hakuahidi chochote. Lakini alisema mwanafunzi aliyefuta matokeo yake mwenyewe hajapata kumwona mara nyingi.

Adhabu ya Chiriku aliitoa Mama Mdogo, na ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, amweleze Bibi yote, kwa mdomo wake, palepale. Alimweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakikuwapo, na hilo limemuuma. Chiriku aliona afadhali angechapwa.

Ya pili ilionekana nyepesi. Kila siku Mnadi atakapokuja, Chiriku akae naye benchini, azungumze naye, lakini asimmalizie neno hata moja. Mzee akikwama, yeye angoje. Jaribu wewe uone. Siku ya kwanza alijikuta ameng'ata ulimi, siku nyingine alikalia mikono yake yote miwili kana kwamba ndiyo inayoongea. Mnadi alitafuta neno "mvua" huku mvua yenyewe ikinyesha dirishani, na Chiriku aliliona neno linapita mbele ya pua yake kama samaki kwenye bakuli. Akajikaza kisabuni. Mzee alilizunguka, akachora matone hewani kwa kidole, akasema "maji... juu...," na hatimaye likaja. Walitazamana wakacheka. Lile lilikuwa la kwake mwenyewe. Hakupewa na mtu.

Wiki ikapita, Mhadhiri akaja na bahasha yake. Mlango ukaachwa wazi kama awali. Safari hii hakuna kilichoruka. Picha ya kwanza ilimtoa Mnadi jasho, na akaikosa. Ya pili akaikosa. Bibi alikuwa ameshika pindo la nguo yake kwa nguvu, na Chiriku alikuwa anaomba kimoyomoyo. Ndani, Mama Mdogo hakumharakisha mzee wala hakumpa neno. Mzee akikwama alimwambia aeleze kitu hicho kinafanya nini, kinapatikana wapi, kama alivyomzoesha, kisha akangoja kwa utulivu kana kwamba hakuna mtihani wowote. Ya tatu ikaja. Ya nne akaikosa, ya tano ikaja. Kazi iliendelea hivyo, polepole kama kuchota maji kisima kirefu, na kila ndoo iliyofika juu ilikuwa na maji kweli.

Mhadhiri alikokotoa, akavaa miwani, akakokotoa tena. Alisema kwamba siku ya kwanza, kwa maneno ambayo hakufundishwa, mzee alishindwa karibu yote, na leo amepata karibu nusu. Hajapona, na atahitaji vipindi vingi zaidi. Lakini mtu anayeweza kulitafuta neno geni na kulipata ameanza kutibika, na hiyo ndiyo kazi ya tabibu wa usemi. Akamgeukia Mama Mdogo, akampa mkono.

"Umefaulu," akasema. "Na kwa kusubiri kwako nimekupa alama za juu kabisa."

Mama Mdogo, aliyeyavumilia yote bila chozi, aligeukia ukuta akajifuta uso kwa mkono wa koti.

Walipotoka, Mnadi alisimama tena mlangoni. Mkongojo ulikuwa umesahaulika kulekule ukutani. Chiriku aliuona. Neno lilimjaa mdomoni. Bibi aliuliza, "Unataka nini, mume wangu?" na mzee akafungua mdomo, akakwama, akaonyesha mguu wake, akaonyesha chini, akagonga sakafu kwa kisigino. Hakuna aliyesema kitu. Muuguzi aliyepita alishangaa watu wazima na mtoto wametulia koridoni kama wanangoja gari.

"Mko... mkongojo," akasema Mnadi. "Mkongojo wangu."

Bibi hakuinuka kuuleta mara moja. Alibaki amekaa akimwangalia mumewe, machozi yakimtiririka, na safari hii hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyaonea aibu. Chiriku ndiye aliyekimbia kuuleta. Alipompa, mzee alimshika bega, akaanza kutafuta tena. Ilimchukua muda mrefu. Chiriku alingoja.

"Asante," akasema Mnadi. "Kwa... kusema... kweli."

Njiani kurudi nyumbani, Mama Mdogo alimbebea mkoba wake wa shule, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile mbaya. Kisha akazungumza.

"Najua ulitaka kunisaidia, mwanangu. Lakini mwaka wangu ungepatikana kwa kumpotezea yule mzee sauti yake. Mwaka ningeweza kuurudia. Yeye angekwenda wapi? Ukitaka kumsaidia mtu, kwanza kubali hali yake ilivyo, hata kama inakutisha. Ukishaikubali, ndipo mnaanza kazi. Ukiidanganya, mnafurahi siku moja, na kazi inabaki palepale."

Chiriku alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Mama Mdogo akasimama, akamgusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja kama anayempima homa, akauliza kama kweli ni yeye. Wakacheka, wakaendelea na safari. Walipofika, Chiriku alipanda kiti, akalishusha lile kopo na kumkabidhi Mama Mdogo mkononi, akamwambia atafute mahali ambapo yeye hatapajua.